Umbali wa mita moja hautoshi ndani ya chumba kilichofungwa

Wengi wetu tulifundishwa kwamba virusi vya mafua na UVIKO-19 huenezwa na matone ya mate yanayoanguka chini upesi, na kwamba anayekaa mita moja au mbili kutoka kwa mgonjwa yuko salama. Fundisho hilo ni nusu ya ukweli. Mtu anapopumua, kuzungumza na hasa kuimba, hutoa pia chembechembe ndogo mno zinazoelea hewani kama moshi wa sigara, na katika chumba kilichofungwa huzidi kujikusanya kadiri muda unavyopita. Mnamo Machi 2020, wanakwaya 61 wa Skagit, katika jimbo la Washington nchini Marekani, walifanya mazoezi kwa saa mbili na nusu, mmoja wao akiwa na dalili za ugonjwa. Baadaye wengine 52 waliugua, 32 kati yao wakithibitishwa kwa vipimo, na wawili wakafariki. Ndiyo maana inaniuma kuona abiria wa daladala wakifunga madirisha yote kwa kuogopa upepo, ilhali upepo huo ndio unaoondoa hewa iliyokwisha kupumuliwa na wenzao.