Chui mweusi ni chui, jamani

Jana tena. Nilikuwa kwa kinyozi hapa Nakuru, jamaa wa kiti cha pili akaninyoshea simu: picha ya chui mweusi wa Laikipia. "Daktari, hii spishi si inaisha? Mbona msiwakusanye wazaane wenyewe kwa wenyewe?"

Nikajibu nikiwa nimenyolewa upande mmoja.

Chui mweusi ni Panthera pardus kama yule wa madoadoa. Kwenye ASIP, jeni inayohusika na rangi ya manyoya, herufi moja imebadilika, protini inakatika kabla haijakamilika, na mtoto akirithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama, anakuwa mweusi. Madoa yenyewe yapo. Jua likimpiga ubavuni utayaona. Wazazi wawili wa madoadoa, kila mmoja akibeba nakala moja mbovu, wanaweza kumzaa mweusi pamoja na ndugu zake wa kawaida. Sasa hapo ni spishi mbili tumbo moja?

Lakini kilichonikera hasa ni hilo la "wenyewe kwa wenyewe". Weusi utawapata, tena wote. Utapata na kilichowapata puma, paka wakubwa wa mwituni, wa Florida kule Marekani: walibaki kama 20 hadi 30, mikia imepinda, madume korodani hazishuki. Mwaka 1995 wakaletewa majike 8 kutoka Texas, wakainuka. Wanane tu! Shida kubwa ilikuwa damu, ndugu kuzaana na ndugu, na damu huwezi kuihesabu kwa macho.

Ndiyo maana nazunguka msitu wa Mau nikiokota kinyesi cha chui, nikapime vinasaba. Cheupe kama chaki ni cha fisi, kiache. Kilichonyeshewa, vinasaba vimeshaoza. Kikavu kinaingia kwenye kichupa, nami natafuta kama dume mchanga bado anapata njia ya kuhama alikozaliwa. Hifadhi ya Ziwa Nakuru ina uzio wa umeme pande zote, nje yake mji na mashamba. Uzio siupingi, unalinda faru. Ila faru na chui hawahami sawa.

Kuna mahali mimi mwenyewe hukwama. Darasani tunasema weusi unafaa msitu wa baridi na giza, na mondo (paka-mwitu wa madoadoa) weusi wa milima ya Aberdare wanatuunga mkono. Halafu Laikipia, nyika kavu, jua la utosi, chui weusi hao wanatembea. Nikifika hapo sauti hupungua.

Kinyozi, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza kama paka wake mweusi naye ni ASIP. Naam, ni jeni ileile, imeharibika kivyake. Nikamwongezea hamsini.