Kambi ya msimu wa joto: kivuli cha asubuhi, maji salama na moto uliozimika kweli

Wengi wakifika kambini mashambani wakati wa joto hutazama mandhari kwanza: ukingo wa mto, nyasi laini, mti mkubwa. Mimi huanza na maswali mawili. Jua litachomozea wapi, na mvua ikishuka ghafla maji yatapita wapi? Ukiyajibu kabla ya kufungua mfuko wa hema, usumbufu mwingi wa msimu huu umeshaukwepa.

Joto la hema huumiza zaidi asubuhi, kwa sababu ndipo watu wamo ndani. Kwa hiyo mti au kilima kinachokinga jua kiwe upande wa mashariki wa hema. Kivuli cha alasiri, chenye kizuizi upande wa magharibi, waachie wapishi na wanaopumzika. Kivuli pia hurefusha maisha ya hema: mionzi ya jua hudhoofisha nailoni na poliesta taratibu, na kitambaa kilichokaa juani msimu baada ya msimu huja kuchanika kama gazeti kuukuu. Ila kabla ya kuufurahia mti, tazama juu. Tawi kavu lisilo na majani linaweza kuanguka hata siku isiyo na upepo.

Kibonde chenye nyasi laini huvutia, lakini ardhi iliyokaushwa na jua hainywi maji upesi, na mvua fupi yenye nguvu inatosha kukigeuza dimbwi. Chagua mahali palipoinuka kidogo. Kama pana mteremko, kichwa kilale upande wa juu. Turubai la kutandika chini lisitokeze nje ya hema hata kidogo, maana likitokeza hupokea maji yanayotiririka kutoka kwenye paa na kuyapeleka moja kwa moja chini ya mgongo wako. Kunja kingo zake ziingie ndani, upande wa chini.

Vigingi vipigiliwe kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, kichwa cha kigingi kikilalia mbali na hema. Kwenye mchanga kigingi cha kawaida hakishiki. Funga kamba katikati ya kijiti kinene, kilaze ndani ya shimo la sentimita 30, fukia na ukanyage. Nailoni ikilowa hulegea, kwa hiyo kamba zikazwe tena jioni umande unapoanza kushuka. Hapo ndipo fundo linalosogea hulipa. Zungusha kamba kwenye kigingi, rudisha ncha sambamba na kamba kuu, izungushe mara mbili kwa ndani ya kitanzi ukielekea kigingi, kisha mara moja juu ya mizunguko hiyo, nje ya kitanzi, kwa mwelekeo uleule. Pitisha ncha chini ya mzunguko huo wa mwisho na ukaze. Ukilisukuma fundo kwa vidole linasogea. Kamba ikivutwa na upepo linajibana.

Ukiamka ukakuta matone ndani ya hema, usikimbilie kudhani linavuja. Mara nyingi ni mvuke wa pumzi uliogusa kitambaa kilichopoa. Dawa yake ni kuacha matundu ya juu na ya chini wazi usiku kucha, zipu ya chandarua tu ikifungwa. Kufunga kila kitu kwa hofu ya mbu huzidisha unyevu.

Kuhusu maji sina mzaha. Mto unaong'aa unaweza kubeba vijidudu sawa na dimbwi. Chuja kwanza kwa kitambaa safi, kisha chemsha: yakishatokota kwa nguvu yaache dakika 1, au dakika 3 ukiwa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kama kuni au gesi ni haba, tumia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6: matone 2 kwa lita 1, koroga, subiri dakika 30. Maji yawe na harufu hafifu ya klorini. Yasipokuwa nayo, rudia kipimo na usubiri dakika 15 zaidi. Maji yenye tope hula klorini kabla haijafika kwa vijidudu, ndiyo maana kuchuja hakurukwi.

Choo kiwe angalau mita 60 kutoka kwenye maji na hema. Mahali pasipo na choo, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20 na ulifukie papo hapo.

Chakula kibichi huharibika haraka kuliko watu wanavyodhani. Nyama, mayai na maziwa visikae nje ya baridi zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32 ni saa 1 tu. Chupa za maji zilizogandishwa hudumu kuliko vipande vidogo vya barafu, na zikiyeyuka unazinywa. Vinywaji viwe na sanduku lao, maana ndilo linalofunguliwa kila dakika.

Moto uwe mbali na hema, mita 5 au zaidi, upande upepo unakoelekea, na nyasi na majani makavu yaondolewe kwenye mduara wa upana wa mita 3. Usiuzungushie mawe yaliyotoka mtoni: unyevu ulio ndani yake hugeuka mvuke na jiwe linaweza kupasuka kwa kishindo. Jiko la mkaa lisiingie kamwe hemani, hata kama makaa yanaonekana kufa. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Kuzima ndiko kunakoharakishwa sana. Watu humwaga maji mara moja, wakaona mvuke, wakaenda kulala. Mwaga mpaka mlio wa kuungua ukome, koroga majivu kwa kijiti, geuza kila kisiki, mwaga tena. Kisha sogeza mgongo wa mkono juu ya majivu. Ukihisi joto, bado. Kufukia kwa mchanga ni hatari: makaa hubaki hai chini kwa saa nyingi, na mtoto anayetembea peku asubuhi ndiye atakayeyagundua.

Matembezi na michezo ya nguvu ifanyike alfajiri au jioni. Kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri ni wakati wa kivuli, kusoma na kurekebisha vifaa. Anayetembea juani anywe robo lita kila dakika 15 hadi 20, asisubiri kiu. Mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, huku mwingine akiita msaada. Usimnyweshe kitu akiwa hajitambui vizuri.

Kuogelea ni kwenye maji ambayo kina chake kimepimwa kwa miguu kwanza. Usirukie kichwa.

Alasiri za joto huleta radi. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka ngurumo; kila sekunde 3 ni kilomita 1 hivi. Zikiwa pungufu ya 30, toka majini, ondoka chini ya mti uliosimama peke yake, na usijifiche hemani kwa sababu hema halikingi radi hata kidogo. Ingia kwenye jengo imara au gari lenye paa la chuma, vioo vimefungwa, na ukae humo mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ikisikika nyingine, anza kuhesabu upya.