Fomu ya waliohamasika

Jumamosi kaja tena kijana mwenye fomu. Adabu anayo, shikamoo katoa, ila swali lake la kwanza ni lilelile: "Mwalimu, kabla serikali haijawahamasisha, watu wa huku walikuwa wanafanya mazoezi?" Bahati yake filimbi ilikuwa mdomoni.

Naongoza klabu ya jogingi upande wa Temeke. Kampeni ya taifa ya mazoezi ilizinduliwa mwishoni mwa 2016, Mama Samia akiwa Makamu wa Rais, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatangazwa kuwa siku ya mazoezi. Wakati huo daftari letu la kwanza lilikuwa limeshajaa na jalada limeliwa na mende.

Ukilifungua hukuti kilomita. Unakuta ada, rambirambi, nani kalazwa, nani kafiwa, nani katumwa kwenda kumwona. Klabu ya jogingi uswahilini ni chama cha kufa na kuzikana kilichovaa raba. Mtu haamki saa kumi na moja alfajiri kwa kuogopa kisukari. Anaamka kwa sababu asipoonekana wiki mbili katibu atampitia nyumbani, na siku akifiwa anataka jezi zetu zijae msibani. Toa hayo, bakiza afya tupu, nami nitabaki na watu sita, wawili wakiwa makocha.

Hiyo Jumamosi moja kwa mwezi sina haja ya kuijadili sana. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa wiki, jamani.

Kinachoniudhi hasa ni spika za muziki.

Mchakamchaka una wimbo, na wageni hudhani wimbo ni wa kuchangamsha tu. Wimbo ndio kipimo. Kiongozi anatoa, kundi linaitikia, na pesi ikiwa sawa kiitikio kinarudi kizito kuanzia mbele hadi mkiani. Pesi ikizidi, sauti za nyuma ndizo zinazokatika kwanza, kabla hata mwenyewe hajajua kuwa amechoka, maana anayehema haimbi. Mimi nikiwa mbele sigeuki, nasikiliza. Kiitikio kikipwaya nashusha mwendo, kikijaa narudisha. Ndivyo mama mwenye uzito wake na kijana wa bodaboda wanavyomaliza pamoja, na mama hajui kuwa alisubiriwa. Angejua, wiki ijayo asingekuja.

Sasa njoo kwenye bonanza. Mbele kuna gari la muziki, spika zimepangwa hadi juu. Tunapasha misuli saa kumi na mbili, inapoa, tunapasha tena, mgeni rasmi anafika saa mbili kasoro jua limeshawaka. Gari likiondoka, anayepanga pesi ni dereva. Simsikii mtu yeyote. Ndani ya dakika kumi kundi limekatika vipande vitatu: vijana mbele na wapiga picha, watu wa ofisini katikati, wamama nyuma wakitembea na chupa za maji. Mwaka juzi mhasibu mmoja, hajakimbia tangu JKT, alichanika msuli wa kigimbi hatua tatu kutoka nilipokuwa. Alipiga kelele. Niliona mdomo wake tu, sauti ilimezwa na singeli.

Ila haki yao niwape. Kwetu, mke wa mtu kutoka alfajiri na suruali ya michezo ilikuwa kesi ya kikao cha wazee. Baada ya tangazo lile wamama wakaanza kuniambia, "Mwalimu, sasa baba watoto hana la kusema, ni agizo la serikali." Kurasa za 2017 zina majina ya kike mengi kuliko zote zilizotangulia. Hilo sikulifanya mimi na filimbi yangu.

Mkono unaohamasisha unaweza pia kuzuia. Majirani zetu wa Burundi, Machi 2014, walipigwa marufuku kukimbia kwa vikundi katika mitaa ya Bujumbura, isipokuwa kwenye maeneo maalumu, serikali ikishuku kuwa wapinzani wanajipanga humo. Kwetu hatujafika huko. Sisi huletewa jezi wakati wa uchaguzi. Tulizipokea, jezi ni jezi, na kuna waliohamia klabu nyingine kwa sababu ya rangi tu.

Na presha? Kwa wanachama wangu kadhaa imeshuka, lakini sithubutu kuapa kwamba ni mbio. Mweka hazina wetu ni nesi mstaafu, hampi mtu mkopo bila cheti cha kupima. Isitoshe, anayeumwa sana haji, kwa hiyo mbele yangu wamejipanga wazima.

Serikali ikitaka kunisaidia, initafutie barabara. Kigali tangu 2016 wanafunga baadhi ya barabara Jumapili asubuhi magari yasipite, na siku hizi ni mara mbili kwa mwezi. Sisi tunagawana lami na malori ya makontena.

Kwenye fomu, penye "idadi ya waliohamasika", niliandika 43, walioitikia hadi mwisho. Kijana akauliza wamekimbia kilomita ngapi. Nikamwambia leo tumekata njia, tunawahi kuzika Mbagala.