Ukihesabu vichwa tu, kazi ya mfugaji haionekani

Kila ripoti ya gesi joto inapotoka, watu huniuliza ni mtambo gani uliopima methani ya ng'ombe wa nchi nzima. Hakuna mtambo. Kuna hesabu ya kuzidisha: idadi ya ng'ombe mara kilo za methani anazokadiriwa kutoa ng'ombe mmoja kwa mwaka. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na wote hao wanaweza kuingia kwenye mistari miwili tu ya jedwali. Kazi yangu iko kwenye mistari hiyo, na naipigania kwa sababu namna inavyojazwa ndiyo inayoamua kama juhudi za mfugaji zitaonekana au zitapotea.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Ng'ombe anakula majani makavu na mabua ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuyameng'enya. Yeye anayaweza kwa msaada wa vijidudu vilivyomo kwenye tumbo kuu, vinavyoyachachusha mahali pasipo na oksijeni. Uchachushaji huo unatoa haidrojeni, na kuna kundi jingine la vijidudu linaloichukua haidrojeni hiyo, likaiunganisha na hewa ukaa, ikapatikana methani. Ng'ombe anaibeua. Wengi wanadhani gesi hii inatoka nyuma, lakini sehemu yake kubwa hutoka mdomoni na puani. Kwa mfugaji hiyo ni hasara tupu: katika nishati yote iliyokuwemo kwenye chakula, asilimia 6 hivi inaondoka na hewa badala ya kuwa maziwa au nyama.

Sasa hesabu. Nchi zote zinafuata miongozo ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, na miongozo hiyo ina ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ya nchi isiyo na takwimu zake: unachukua kizidishi kilichoandaliwa kwa bara zima. Mwongozo wa 2006 ulimpa ng'ombe wa maziwa wa Afrika kilo 46 za methani kwa mwaka, na ng'ombe wengine wote kilo 31. Dume la Mvomero linalotembea mchana kutwa kufuata maji, maksai wa kulimia kule Usukumani, mtamba aliyekonda kwa kiangazi, wote ni kilo 31. Mwongozo uliporekebishwa mwaka 2019, vizidishi vya wastani vikawa kilo 76 kwa wa maziwa na 52 kwa wengine. Tazama kilichotokea hapo. Hakuna ng'ombe aliyeongezeka wala aliyebadilishiwa chakula, lakini nchi iliyohamia kwenye kizidishi kipya inaona methani ya hao wengine imepanda kwa theluthi mbili. Ndiyo maana mbinu ikibadilika ni lazima hesabu za miaka yote ya nyuma zirudiwe kwa mbinu ileile. Mwandishi wa habari anayelinganisha ripoti mpya na ya zamani bila kuangalia jambo hilo anaweza kuandika kwamba ufugaji umeharibu hali ya hewa ghafla, kumbe kilichobadilika ni kitabu.

Lakini shida ya ngazi ya kwanza inayoniuma hasa si hiyo. Kizidishi kikiwa hakibadiliki, kinachobaki kubadilika ni idadi ya vichwa. Mfugaji akavuna hei kabla mvua hazijaisha, akapanda majani ya tembo, akachanja ndama dhidi ya ndigana kali, akanunua mashudu ya alizeti, kwenye jedwali bado ng'ombe wake ni kilo zilezile. Njia pekee inayoonekana ya kupunguza ni kupunguza mifugo. Mfugaji akisikia hivyo anakumbuka oparesheni za kuondolewa kwenye malisho, na ana haki ya kuogopa. Mama mmoja wa Rungwe, nilipokuwa nazungusha futi kamba kwenye kifua cha ng'ombe wake, aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii ni ya kutukadiria kodi?" Nilimjibu kwamba hapana, nikamweleza ni ya nini, na nikaona ni halali yake kuuliza.

Futi kamba hiyo ndiyo mwanzo wa ngazi ya pili. Unaipitisha nyuma ya mabega, mnyama amesimama sawa kwa miguu yote minne, unasoma mzunguko wa kifua na kuubadilisha kuwa uzito. Halafu unauliza anakamuliwa lita ngapi asubuhi na jioni, amezaa lini, ana mimba au hana, anatembea umbali gani, anakula nini masika na anakula nini Septemba. Kutokana na hayo unakadiria nishati anayokula kwa siku, kwa megajuli, kipimo cha nishati. Unachukua asilimia inayogeuka methani (mwongozo wa 2006 unasema 6.5), unazidisha kwa siku 365, unagawa kwa 55.65, yaani megajuli zilizomo kwenye kilo moja ya methani.

Tuseme kuna ng'ombe anayekula megajuli 110 kwa siku na kutoa lita 3 kwa siku 240. Methani yake ni kilo 47 hivi kwa mwaka, na maziwa lita 720. Jirani yake analishwa vizuri, anakula megajuli 200, anatoa lita 10 kwa siku 300. Huyu methani yake ni kilo 85, maziwa lita 3,000. Kilo moja ya methani huhesabiwa sawa na kilo 28 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Basi lita moja ya maziwa ya ng'ombe wa kwanza imebeba kilo 1.8 za hewa ukaa, na ya ng'ombe wa pili kilo 0.8. Hiyo ni methani ya tumboni peke yake, sijagusa samadi wala chakula cha kununua.

Hapa napenda tusemezane ukweli, kwa sababu kwenye warsha nyingi sehemu hii inarukwa. Ng'ombe wa pili ni mzuri kwa kila lita, lakini yeye mwenyewe anatoa methani nyingi zaidi. Kila mfugaji akimlisha vizuri ng'ombe wake na asipunguze hata mmoja, jumla ya nchi itapanda. Kushuka kwa gesi kwa kila lita kunageuka kushuka kwa jumla pale tu maziwa yaleyale yanapopatikana kwa ng'ombe wachache. Mfugaji naye hatakubali kuwa na wachache mpaka awe na hakika kwamba hao wachache hawatakufa. Kwa hiyo chanjo, josho linalofanya kazi na maji ya kiangazi kwangu mimi ni shughuli za tabianchi kabisa, ingawa bajeti zake huandikwa mahali pengine.

Na njaa nayo ina methani yake. Maabara ya Mazingira ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, jijini Nairobi ina vyumba maalumu ambamo ng'ombe hufungiwa na kila pumzi yake kupimwa. Watafiti wa hapo waliwapunguzia chakula maksai wachanga wa aina ya Borani, kwa viwango tofauti, mpaka chini sana ya mahitaji ya mwili. Kwa njaa kali kabisa, methani kwa kila kilo ya chakula iliongezeka. Milinganyo tunayotumia ilijengwa zaidi kwa ng'ombe wa ulaya wanaoshiba kila siku. Ng'ombe wa kwetu hupoteza uzito kila kiangazi na kuurudisha masika, na mlinganyo haukumfikiria.

Kwenye samadi, vipimo vya Afrika Mashariki vimekwenda upande wa pili. Mwongozo wa 2006 ulisema asilimia 2 ya naitrojeni ya kinyesi na mkojo wa ng'ombe malishoni hutoka kama naitrasi oksaidi, gesi yenye nguvu ya mara 265 ya hewa ukaa. Unapofunika kipande cha ardhi chenye mavi kwa boksi lisilopitisha hewa na kuvuta sampuli kwa sirinji kila baada ya dakika kadhaa, mavi ya ng'ombe wetu wanaokula majani makavu yanatoa kidogo mno kuliko hapo. Marekebisho ya 2019 yaliishusha asilimia 2 hadi 0.4. Lakini watafiti wa ILRI walipopima maboma ya zamani ya ng'ombe huko Kapiti, nchini Kenya, walikuta jambo ambalo mwongozo haukulijua: boma lililohamwa linaendelea kutoa naitrasi oksaidi kwa miongo kadhaa, kwa sababu mavi yalirundikana pale kwa miaka na hayakupelekwa shambani. Hilo dawa yake iko mikononi mwetu: samadi ipelekwe shambani, na shamba la mahindi linaihitaji.

Chini ya Mkataba wa Paris, nchi zilitakiwa kuwasilisha ripoti ya kwanza ya uwazi kuhusu gesi joto zao kufikia tarehe 31 Desemba 2024, kisha kila baada ya miaka miwili. Kenya imeshapiga hesabu ya ngazi ya pili kwa ng'ombe wake wa maziwa, kuanzia mwaka 1995. Nasi tunaweza, tena bila kusubiri vyumba vya mamilioni. Kituo cha kukusanyia maziwa kina daftari la lita za kila mfugaji. Mnada wenye mizani una uzito wa mamia ya ng'ombe kila wiki, na mara nyingi karatasi hizo hutupwa jioni ileile. Afisa mifugo wa kata anajua ni mwezi gani watu wake huanza kununua pumba.

Kinachokosekana zaidi ni tarehe ya kuzaa. Mfugaji anamkumbuka ndama, anakumbuka hata mvua ya siku hiyo, lakini haikuandikwa popote. Bila tarehe hiyo hatujui ng'ombe alikamuliwa siku ngapi wala alikaa miezi mingapi bila mimba wala maziwa, na miezi hiyo mitupu, ambayo anakula na kubeua bila kutoa lita hata moja, ni nafasi kubwa ya kupunguza. Kama unafuga, iandike ukutani kwa chokaa leo, karibu na jina lake.