Ukongwe kazini kwa rubani

Mpwa wangu wa Pasiansi, anayeziona ndege zikishuka kila siku kuelekea uwanja wa Mwanza, alinipigia simu akiwa amesikitika. Amesikia kwamba rubani wa Marekani mwenye miaka 20 kazini alihamia shirika jingine, akaanza upya kama rubani msaidizi. "Mjomba, alifanya kosa gani?"

Hakufanya kosa. Aliacha ukongwe wake alikotoka.

Ukongwe kazini ni nafasi ya rubani kwenye orodha ya shirika lake, kuanzia tarehe aliyoajiriwa. Umri wake hauangaliwi, wala saa alizoruka kwingine. Ni kama kijiwe cha bodaboda pale Kirumba: aliyetangulia kufika hutangulia kupakia, na ukihamia kijiwe cha Igoma unakaa nyuma ya waliokuwepo, hata kama ni dereva hodari. Ila zamu ya kijiwe huanza upya kila siku. Ya rubani humfuata hadi anastaafu, mradi habadili shirika.

Kwenye mashirika makubwa ya Marekani nafasi hiyo huamua karibu kila kitu: nani awe kapteni, arushe ndege ya aina gani, akae kituo kipi, nani alale nyumbani Krismasi. Kazi zikipungua, wa mwisho kuajiriwa ndiye wa kwanza kusimamishwa. Mshahara nao hufuata jedwali lenye miaka ya utumishi, aina ya ndege na kiti anachokalia, cha kapteni au cha msaidizi. Hulipwa kwa saa, kwa kawaida tangu ndege inapoanza kuondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa inakokwenda, na kuna kiwango cha chini cha saa anachohakikishiwa kila mwezi. Kwa hiyo aliyehama hurudi kwenye malipo ya mwaka wa kwanza.

Saa za kuruka ni hesabu nyingine kabisa, na watu huzichanganya mno. Hizi ni mali yake. Ziko kwenye daftari lake na anahama nazo. Kiwango cha kimataifa cha leseni ya rubani wa biashara ni saa 200, au 150 kwa mafunzo maalumu yaliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ile ya kapteni wa ndege kubwa za abiria, inataka 1,500. Katikati hapo ndipo vijana wengi hukwama. Huku kwetu baadhi huzitafuta kwenye ndege ndogo za Cessna Caravan, safari fupi za kwenda Serengeti na viwanja vidogo vya udongo. Saa zinapanda polepole, lakini kutua ni kwingi, na mimi naheshimu sana kutua kwingi.

Marekani ilipandisha sharti baada ya ndege kuanguka karibu na Buffalo mwaka 2009 na kuua watu 50. Tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege anatakiwa kuwa na saa 1,500, isipokuwa waliotoka jeshini na wahitimu wa vyuo fulani, ambao hupunguziwa. Lakini marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshapita 1,500. Ndiyo maana siamini kwamba wingi wa saa pekee unampima mtu.

Nilimwambia mpwa wangu pia kwamba orodha ile husogea. Sheria za kimataifa humzuia rubani wa ndege za biashara kuruka nje ya nchi akishatimiza miaka 65. Mmoja wa juu akiondoka, wote walio chini yake hupanda nafasi moja.