Ute wa bamia haufiki gotini

Ukilalamika kwamba magoti yanalia, hukosi mtu wa kukwambia: "Kula bamia, uongeze ute." Msingi wa ushauri huu ni kufanana tu. Bamia huteleza, na goti nalo linatakiwa liteleze.

Ute wa bamia ni kabohaidreti: minyororo mirefu ya sukari zilizoungana. Hatuna kimeng'enya cha kuikata, kwa hiyo haifyonzwi kuingia kwenye damu. Hushuka hadi utumbo mpana kama nyuzinyuzi, na huko bakteria huichachusha kwa kiasi. Choo kitalainika, na hiyo ni faida ya kweli.

Cha ajabu, ute wa goti nao una mnyororo wa sukari, asidi ya hayaluroni. Ila huo hutengenezwa papo hapo na seli za utando wa ndani wa kiungo, kwa kutumia glukosi iliyoletwa na damu. Glukosi hiyo imetoka kwenye ugali, wali au ndizi, seli haiulizi.

Supu ya kongoro nayo ni hivyohivyo. Kolajeni yake ni protini, na humeng'enywa kuwa amino asidi na vipande vidogo kabla ya kufyonzwa.