Umeumia na unadai fidia, sawa. Unatakiwa kuthibitisha nini?

Mteja akishakaa, huanza na kosa: nani alimgonga, nani alimtuma juu ya ngazi mbovu. Namwacha amalize, kisha namuuliza alikuwa wapi na alikuwa akifanya nini. Jibu la hapo ndilo linaloniambia tutahitaji ushahidi gani.

Aliyeumia kazini, kwa nchi nyingi, halazimiki kuonyesha kwamba mwajiri alizembea. Utaratibu huo Ujerumani iliuanza mwaka 1884, Uingereza ikafuata mwaka 1897. Unalipwa hata kama uliteleza mwenyewe, ila mara nyingi huwezi tena kumshtaki mwajiri kwa ajali hiyohiyo. Unachodaiwa ni kuonyesha kwamba uliumia kazini, na hapo ndipo watu wanapokwama. Mtu anaanguka, anamwambia msimamizi kwa mdomo, anakwenda zake nyumbani akidhani yatapoa. Wiki tatu baadaye mkono haunyanyuki, na cheti cha daktari kinasema "maumivu ya bega", basi. Ameumiaje? Wapi? Kimya. Maneno "alianguka kwenye ngazi akiwa kazini" yangeokoa miezi ya kubishana na bima. Ukiwa mbele ya daktari, eleza uliumiaje, na usitoke kabla hujaona ameandika.

Barabarani mambo hugeuka. New Zealand iliacha kuuliza kosa ni la nani tangu 1974, lakini kwingi swali hilo bado ndilo kesi yenyewe. Kwa hiyo piga picha magari yakiwa palepale yaliposimama: alama za matairi, taa, vioo vilivyomwagika. Chukua namba za simu za mashahidi, maana kesho hutawapata. Halafu kuna ile karatasi ya bima yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho". Huletwa mapema, mtu akiwa bado na plasta mguuni na kodi ya nyumba inamsubiri. Ukisaini, upasuaji wa mwaka ujao ni wa mfuko wako. (Ofisa anayeileta huwa mpole sana. Ndiyo kazi yake.)

Kwa mwanajeshi mstaafu, kigumu ni kuunganisha. Marekani, kwa mfano, huhitaji ugonjwa uliopo sasa, tukio la wakati wa utumishi, na daktari wa kusema hili limetokana na lile. Hadaiwi uhakika, uwezekano wa nusu kwa nusu unatosha. Barua nyingi za madaktari huanguka kwa sababu zinasema "huenda" tu, neno lisilofika hata hiyo nusu. Sheria ya PACT ya mwaka 2022 iliwapunguzia mzigo waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka za jeshi: kwa magonjwa yaliyotajwa humo, uhusiano na utumishi unachukuliwa kuwa upo.

Na dereva aliyegongwa na gari la mtu mwingine akiwa anapeleka mzigo wa mwajiri? Huyo ana madai mawili, moja la kazini na jingine dhidi ya aliyemgonga. Wengi hufungua la kwanza tu. Wakija kwangu kuuliza la pili, muda wake umeshakwisha.